Mwalimu wa Bidar

Mwalimu hakukubali hata siku moja kwamba Sydney kuna jengo la zamani. Njiani kuelekea stesheni ya Quakers Hill palikuwa na nyumba ya matofali yenye kibao cha shaba ukutani, kinachosema kwamba nyumba hiyo inahifadhiwa kwa sababu ya umri wake. Kila tulipopita hapo, yeye akienda maktaba na mimi nikienda kazini, alisimama, akakisoma kile kibao kwa sauti kana kwamba hajawahi kukiona, halafu akaupigapiga ukuta kwa kiganja, kama mtu anayempongeza mtoto aliyeanza kutembea.

"Endelea hivyohivyo," aliiambia ile nyumba. "Utafika."

Yeye alitoka Bidar, mji mdogo wa kusini mwa India, uliojengwa juu ya uwanda wa mawe mekundu. Alifundisha historia huko katika sekondari ya wasichana mpaka akastaafu. Mumewe alipofariki, mwanawe wa pekee, mhandisi, akamleta Sydney akae naye. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na uzio wa bati tu. Tulizungumza Kiingereza, maana Kiswahili chake kilikuwa neno moja, "mwalimu", alilolisikia kwangu akalipenda, na tangu hapo akakataa nimwite kitu kingine. Mimi aliniita Sista, kama watu wa kwao wanavyowaita wauguzi. Alianza kuniita hivyo wakati sheria za Australia zilikuwa bado hazinitambui kuwa muuguzi.

Nilimfahamu kwa sababu ya mapipa ya taka. Katika mtaa wetu, siku ya taka kila mtu hulitoa pipa lake barabarani, na likishamwagwa hulirudisha ndani akitoka kazini. Mwalimu hakuweza kuvumilia kuona mapipa matupu yamesimama barabarani mchana kutwa. Lori likishapita tu, alitoka na sari yake na viatu vya michezo, akaanza kuyarudisha moja baada ya jingine, nyumba kumi na mbili upande wetu na nyumba kumi na moja upande wa pili. Mara ya kwanza kumwona analiburuta pipa langu nilitoka mbio nikamwambia, "Mama, acha, nitalichukua mwenyewe."

"Ungelichukua saa ngapi?" akaniuliza. "Jioni? Barabara iwe na sura hii mpaka jioni?"

Miaka kadhaa baadaye aliniambia kwamba kwao, alipokuwa kijana, alikuwa akigombana na wachuuzi waliokuwa wakirundika vikapu mbele ya mnara wa mviringo ulio katikati ya mji, pale barabara nne zinapokutana. Aliuona ule mnara kuwa wake. Nadhani hata mtaa wetu aliuona wake, ingawa ungemuuliza angecheka.

Mambo ya Bidar yaliingia katika kila jambo. Mvua ikinyesha aliniambia jinsi ngome ya Bidar, yenye mahandaki matatu yaliyochongwa kwenye mwamba, inavyobadilika rangi ikilowa, ikawa kama nyama mbichi. Joto la Januari likipiga mpaka bati la uzio likalia, alinieleza jinsi watu wa kale walivyochimba mifereji chini ya ardhi, yenye visima vya kupumulia, wakaleta maji mjini bila jua kuyaona. Vitunguu vya dukani vilikuwa havina hasira. Madaktari walikuwa na haraka. Hata kunguru weusi na weupe wa Sydney, ambao kila majira ya kuchipua humvamia mtu kichwani, aliwaheshimu kwa sababu walimkumbusha popo wa Bidar, ambao aliwahi kuwakuta maelfu katika chumba cha malkia, wamening'inia kwenye mapambo ya lulu.

Lakini nyumbani kwake hapakuwa na kitu cha Bidar. Ningetazamia kukuta picha, vyombo, mazulia. Chumba chake kilikuwa na kitanda, meza, taa ndogo ya sala na kabati lenye sari sita. Mtu aliyeweza kulia kwa sababu kigae kimoja cha buluu kilibanduka kwenye ukuta wa chuo cha kale, hakujali vitu vyake mwenyewe hata kidogo. Ukisifu kikombe, unaondoka nacho. Mwanawe alimnunulia kiti cha kujikandia mgongo, na wiki hiyohiyo nikakikuta kwa bibi Mwaustralia wa nyumba ya kona, ambaye mgongo wake ulikuwa mbaya zaidi.

"Vitu vya nyumbani vina mwenyewe wa kuvililia," aliniambia nilipomuuliza. "Mimi naangalia vile ambavyo mwenyewe amekufa."

Mtihani wangu ndio uliotuweka meza moja. Nilikuwa nimefanya uuguzi miaka saba Nakuru, lakini kupata leseni ya hapa nilitakiwa kufaulu mtihani wa Kiingereza, na sehemu ya kuandika ilinishinda mara mbili, kila mara kwa alama ndogo ya kuudhi. Niliona aibu kuliko ninavyoweza kueleza. Nimesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza! Wakati huo nilikuwa nikiwaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia, kazi ya heshima, lakini nilimwona muuguzi kijana akikosea kufunga kidonda na mimi sikuwa na ruhusa ya kusema. Barua ya pili ya kufeli ilipofika, niliisoma nikiwa nimesimama kwenye njia ya gari. Mwalimu alikuwa akirudisha mapipa. Akaniangalia, akaliacha pipa katikati ya barabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Lete hiyo karatasi," akasema.

Aliisoma yote, mbele na nyuma. Kisha akasema, "Wanasema unajua maneno lakini msomaji anapotea. Kesho saa tisa. Njoo na kalamu."

Kwa miezi minne, kila siku niliyokuwa sina zamu ya mchana, nilikaa kwenye meza ya jikoni kwake. Hakunipa vitabu vya mtihani. Alinipa majengo. Alinieleza jengo moja la Bidar kwa mdomo, mara moja tu, kisha akaniamuru niliandike kwa mtu ambaye hajaliona. Na mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona! Siku ya kwanza alinipa makaburi ya wafalme yaliyo kijijini Ashtur, nje ya mji, yamepangwa mstari mmoja katikati ya mashamba, na moja kati yake radi ililipasua kuba, likabaki wazi kama yai lililovunjwa. Niliandika ukurasa mzima. Akasoma mstari wa kwanza akarudisha karatasi.

"Nimesimama wapi?"

"Sijaelewa, Mwalimu."

"Umeniambia makaburi ni mazuri na ya kupendeza. Sawa. Lakini miguu yangu iko wapi? Niko barabarani? Niko ndani? Nisimamishe mahali kwanza, ndipo unionyeshe."

Neno "zuri" alilipiga marufuku mpaka nifaulu. Nikiandika kwamba kitu kinashangaza, aliuliza, "Kinamshangaza nani? Fundi aliyekijenga hakushangaa." Mara nyingi nilitoka pale nimekasirika, nikamlalamikia mume wangu kwamba huyu mama ananifundisha utalii badala ya Kiingereza. Mume wangu, anayefanya kazi ghalani Ingleburn na huondoka alfajiri, alinisikiliza akivua buti.

"Na ile ripoti ya mgonjwa uliyoandika juzi," akaniuliza, "si umesema msimamizi aliisifu?"

Ni kweli, alikuwa ameisifu. Nilikuwa nimeanza kuandika kwa kumsimamisha msomaji kando ya kitanda.

Mara ya tatu nikafaulu. Nilipompelekea habari hakunikumbatia wala kupiga vigelegele. Alikwenda jikoni, akakanda unga wa mtama, akaupiga kwa viganja mpaka ukawa chapati pana nyembamba, akanikalisha nikala tatu na mchuzi wa biringanya. Nilipomaliza ndipo akasema, "Sasa unaweza kutumia 'zuri'. Mara moja kwa mwezi."

Nisimfanye malaika. Alikuwa mwongo mkubwa katika mambo mawili. La kwanza ni sukari. Alikuwa na kisukari, na mwanawe alimchungia chakula kwa bidii, lakini ndani ya kopo lililoandikwa "dengu" mlikuwa na biskuti za siagi. Niligundua siku niliyotaka kumpikia dengu. Aliniangalia moja kwa moja machoni akasema biskuti hizo ni za ndege. Tulipatana: nitampima sukari kila Jumapili baada ya kanisa, na ikiwa nambari ni nzuri nitasahau habari za ndege. Mara nyingi ilikuwa nzuri, maana alitembea kilomita nyingi kila siku kuliko vijana wa mtaani.

La pili ni hadithi. Kwangu aliwashutumu sana waongozaji wa watalii wanaobuni habari za wafalme na wapenzi wao. "Historia tunayo ya kutosha," alisema, "hatuna haja ya kuongeza chumvi." Lakini binti yangu Neema, aliyekuwa akikaa kwake baada ya shule nikiwa kazini, alirudi nyumbani na habari za binti mfalme wa Bidar aliyeishi ndani ya ngome na tembo asiyependa kuoga. Binti huyu alifanya kila kitu: alijificha kwenye mfereji wa chini ya ardhi, alivaa nguo za mpishi, alimpiga waziri na muwa. Siku moja nikamtafuta kwenye simu, sikumwona popote. Nikamuuliza Mwalimu, ni mfalme gani huyo aliyezaa binti wa namna hiyo?

"Hakuna," akasema bila haya. "Wewe ni mtu mzima, unaweza kuingia jengo tupu. Mtoto anahitaji mtu wa kumfuata mle ndani."

Neema anaelewa Kiswahili vizuri lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Mwalimu hakuwa na shida hiyo. Alimpenda sana, mpaka siku ya mabibi na mababu shuleni. Watoto walitakiwa kuleta bibi au babu aje aonyeshe kitu cha kwao. Mama yangu yuko Nakuru, basi Neema akamwalika Mwalimu. Akaenda kueleza vyombo vya bidri, vile vyeusi vilivyotiwa nakshi za fedha, ambavyo ni kazi ya mji wao. Akawaambia watoto kwamba weusi ule hutokana na udongo wa ndani ya ngome, udongo ambao haujaona jua wala mvua kwa miaka mingi, na kwamba fundi mzuri huujua kwa kuuonja. Mtoto mmoja akasema haamini. Mwalimu akatoka nje na darasa zima nyuma yake, akachota udongo chini ya ukuta wa maktaba ya shule, akautia ulimini, akafikiri.

"Huu haufai," akatangaza. "Una mbolea ya maua."

Neema alirudi nyumbani mwekundu wa macho. "Mum, she ate dirt," akaniambia. "In front of everybody." Wiki nzima hakutaka kwenda kwa jirani. Wiki iliyofuata watoto wanne wa darasa lake walikuja kubisha mlango wa Mwalimu kila mmoja ameshika udongo kwenye mfuko wa plastiki, wakitaka kujua wa kwao unafaa au haufai, na Neema ndiye aliyekuwa akiwapanga mstari.

Ugomvi mkubwa ulikuja baada ya Mwalimu kuanguka. Aliteleza kwenye ngazi za duka moja St Marys, akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji. Mwanawe alichukua likizo ya mwezi mzima. Sijaona mtu akimtunza mama yake kwa makini namna ile. Aliandika saa za dawa kwenye ubao, akaweka vyuma vya kushikia bafuni, akaondoa mazulia. Mwalimu alipoweza kutembea tena bila fimbo, siku hiyohiyo akamwambia kwamba anarudi Bidar. Si kutembelea. Kukaa.

Jumamosi mwanawe akaja kwangu. Hakuwa na kawaida ya kuingia. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, ufunguo wa gari mkononi.

"Sista," akasema, naye aliniita hivyo kwa kumfuata mama yake, "anakusikiliza wewe kuliko mimi. Wewe ni muuguzi. Mwambie hawezi kusafiri."

"Daktari amesemaje?"

"Daktari amesema anaweza. Lakini daktari hamjui. Atakaa peke yake kule, ataanguka, nani atamwokota? Wewe mwambie tu kwamba nyonga haijawa tayari. Mwaka mmoja. Baada ya mwaka atakuwa amesahau."

Nilimwelewa, na zaidi ya hapo, nilitaka anachotaka. Nani angekaa na Neema? Nani angesoma barua zangu kabla sijazituma? Ningeweza kulisema neno moja la kitaalamu, kwa sauti yangu ya kazini, na Mwalimu angebaki. Nilimwambia nitazungumza naye.

Nikapita upande wa pili wa uzio. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyuma akimenya vitunguu saumu. Alijua nilichojia, maana alimwona mwanawe akiingia kwangu.

"Haya, Sista. Nyonga yangu ikoje?"

Nilikaa kando yake. Nilikuwa nimeiandaa sentensi yote njiani. "Imepona," nikasema. "Sukari yako iko sawa. Unaweza kusafiri ukiwa na mtu. Lakini mimi sitaki uende."

Akaendelea kumenya. "Hilo la mwisho si la kitabibu."

"Si la kitabibu, ndiyo."

"Vizuri. Usilichanganye na yale mengine." Kisha akaweka kisu chini. "Kijana wangu hajanikosea kitu. Mwambie hivyo, mimi nikimwambia anafikiri namfariji. Hapa nina kila kitu. Lakini hapa mtu anayeniita mwalimu ni mmoja, naye ana zamu. Kule siwezi kununua nyanya bila mwanamke fulani mwenye wajukuu kuniamkia na kuniomba radhi kwa kazi ya nyumbani niliyompa shuleni ambayo hakuifanya. Nataka kuzeeka nikisumbuliwa."

Nilipomweleza mwanawe ukweli niliomwambia mama yake, alisimama akaondoka bila kuaga. Kwa wiki tatu alinipita kama anayepita mti. Kisha asubuhi moja nikamkuta barabarani, lori la taka limeshapita, anarudisha mapipa, lake na langu na ya wengine. "Amenipa orodha," akasema bila kuniangalia. "Bibi wa kona pipa lake liwekwe nyuma ya geti, si mbele." Mwezi uliofuata alimpeleka mwenyewe Bidar, akakaa naye wiki sita, akamtafutia msichana wa kumsaidia na simu yenye vitufe vikubwa. Siku ya kuondoka Neema alilia mpaka kola yake ikalowa. Mwalimu akamnong'oneza kitu, naye Neema akacheka katikati ya kilio. Mpaka leo hajaniambia ni nini.

Nilimwona tena baada ya miaka miwili. Nilikuwa naenda Kenya likizo nikapitia Hyderabad kwa makusudi, nikapanda gari kwa muda wa saa tatu hivi mpaka Bidar. Alinipokea getini kwake, amekonda kidogo, fimbo mkononi, na nyuma yake msichana wa kazi akilalamika kwa lugha nisiyoielewa, bila shaka kuhusu biskuti. Alikuwa na furaha. Kila hatua tuliyopiga mjini kuna mtu aliyemsimamisha. Kwa siku mbili alinitembeza, na mimi niliyajua majengo kabla hatujayafikia, nikamkosoa mara moja kuhusu idadi ya nguzo, akafurahi kuliko nilipofaulu mtihani.

Siku ya tatu alimwambia dereva atupeleke mahali ambapo sikuwahi kusikia akipataja. Nje ya mji kuna kilima kidogo, chenye majani makavu na makaburi ya mawe, mengine yana makuba, mengine yamevunjika. Mbuzi walikuwa wakila kati yake. Tulikwenda polepole kwa sababu ya nyonga.

"Hapa wanapaita ngome ya Wahabeshi," akasema. "Walitoka upande wenu wa bahari. Wengine waliletwa kama watumwa, wakawa askari, wakawa majemadari, wakashika mji huu. Hawa hapa."

Nikaweka mkono juu ya jiwe moja. Lilikuwa la moto kwa jua. Miaka tisa alikuwa amenieleza Bidar, kila kisima, kila kigae, mpaka tembo ambaye hakuwapo. Nikahisi kitu kama kukasirika.

"Mwalimu, kwa nini hukuniambia hata siku moja?"

Alitafuta ukuta mfupi akaketi, akaniashiria niketi pia.

"Ulipohamia pale mtaani," akasema, "nilikuwa nawasikia watu getini kwako. Wa posta, wa umeme, mama wa kona. Wote swali moja. Unatoka wapi? Hapana, kwenu hasa ni wapi? Na mimi siku ile ya kwanza nilikuwa na jambo hili mdomoni, maana ningewezaje kukuona nisiwakumbuke hawa? Nikalimeza. Nikasema, nikianza na makaburi haya, huyu mama hatakuja kwangu tena kuomba chumvi. Nitakuwa nimemgeuza somo la historia. Nikasubiri." Akatabasamu. "Halafu tukazoeana mno, nikasahau kukuambia."

Tulikaa pale. Upepo ulikuwa mzuri. Mwanamke mwenye mbuzi akaja akamwamkia Mwalimu kwa mikono miwili, akanitazama, akauliza jambo. Mwalimu akamjibu kwa maneno machache. Yule mwanamke akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda kumfukuza mbuzi aliyepanda juu ya kaburi.

"Amekuuliza nini?"

"Ameuliza wewe ni nani. Nimemwambia wewe ni jirani yangu."

"Akasemaje?"

"Hakuna. Anataka tupite kwake kunywa chai."